Ziwa Kivu na volkano zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mlima wa Nyiragongo unapotoa moto, maswali yale yale hurudi: ziwa litalipuka? Maji bado yanafaa? Gesi ile ilitoka wapi? Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wakazi wa Goma, Rubavu, Bukavu na Karongi, kwa jamaa zao walio mbali, na kwa yeyote anayetaka kulielewa ziwa ambalo haliwezi kuelezwa bila kuielezea milima iliyo kando yake. Pale jibu moja linapogusa jingine, namba ya swali husika imetajwa.

## Asili ya ziwa

1. Ziwa Kivu liko wapi, na lina ukubwa gani?

Liko katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, kwenye mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Rwanda, kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Eneo la maji yake ni takriban kilomita za mraba 2,400, na kina chake kikubwa kabisa kinakaribia mita 485. Katikati yake kuna kisiwa cha Idjwi, ambacho ni cha Kongo. Goma na Rubavu (mji ambao wengi bado wanauita Gisenyi) ziko ncha ya kaskazini, na Bukavu iko kusini, mahali ambapo mto Ruzizi unaanza safari yake kwenda Ziwa Tanganyika.

2. Je, ni kweli kwamba ziwa hili lilifanywa na volkano?

Bonde lenyewe halikufanywa na volkano, kwa kuwa ni ufa wa ardhi uliokuwapo zamani. Lakini ziwa kama tunavyolijua leo, yaani urefu wa maji yake, mwelekeo wa mto unaotoka ndani yake na gesi iliyolala chini, ni kazi ya volkano za Virunga.

Zamani maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, kwenye bonde la Ziwa Edward na hatimaye Mto Nili. Kisha, kwa mlipuko baada ya mlipuko, lava na majivu viliziba bonde upande wa kaskazini na kujenga safu ya milima inayotoka Muhabura mashariki hadi Nyamulagira magharibi. Maji yakakosa njia. Yalijikusanya nyuma ya ukuta huo kama maji yanavyojikusanya nyuma ya bwawa, yakapanda kwa mamia ya mita, hadi yalipofikia ukingo wa kusini, karibu na mahali ilipo Bukavu leo, na kumwagikia upande wa pili. Inakadiriwa kwamba mmwagiko huo ulianza yapata miaka 10,000 iliyopita. Ndivyo Ruzizi ilivyopatikana, na ndivyo maji yaliyokuwa ya Nili yalivyogeuka kuwa ya bonde la Mto Kongo, kwa kuwa Tanganyika nayo humwaga maji yake Kongo kupitia mto Lukuga.

Kwa hiyo anayeuliza ni mlipuko upi uliolibadilisha Ziwa Kivu hawezi kupewa tarehe moja. Ni kazi ya vizazi vingi vya moto, na haijakwisha.

3. Ushahidi wa jambo hilo la kale ni upi?

Atakayeitazama ramani ya pwani ya Rwanda, hasa karibu na Karongi, ataona ghuba nyembamba nyingi, rasi na visiwa vilivyokatikakatika. Hayo ni mabonde ya mito na vilele vya vilima vilivyofunikwa na maji yaliyopanda. Ushahidi mwingine umo katika matope ya sakafu ya ziwa, ambayo watafiti huyachimba kwa mabomba marefu na kuyasoma tabaka kwa tabaka, kwani majivu, chumvi na mabaki ya viumbe vidogo hueleza maji yalikuwaje wakati kila tabaka lilipotua.

4. Mabadiliko hayo yaligusa mahali pengine?

Yaligusa Ziwa Tanganyika. Maji ya Kivu yana chumvi nyingi kwa sababu ya chemchemi za volkano zinazoyalisha kutoka chini, na Ruzizi huzibeba chumvi hizo hadi karibu na Uvira na Bujumbura. Mvuvi wa Kigoma anaweza kudhani kwamba Nyiragongo haimhusu; lakini sehemu kubwa ya chumvi zilizoyeyuka katika maji anamovua ilipitia Kivu.

## Gesi iliyo chini ya maji

5. Ni gesi gani, na ni kiasi gani?

Ni mbili hasa: kaboni dioksidi na methani. Kama zingetolewa zote na kupimwa zikiwa hewani, kaboni dioksidi ingekuwa takriban kilomita za ujazo 300 na methani takriban kilomita za ujazo 60. Methani ndiyo inayowaka na kufaa kwa umeme. Kaboni dioksidi haiwaki, ila ikizidi katika hewa huua kwa kukosesha pumzi.

6. Imetoka wapi?

Sehemu kubwa ya kaboni dioksidi inatoka kwenye magma (mwamba ulioyeyuka ambao bado uko ardhini) iliyo chini ya eneo hili na kuingia ziwani ikiwa imeyeyuka katika maji ya chemchemi za sakafuni. Methani ina historia tofauti. Inatengenezwa na vijiumbe wanaoishi kwenye maji ya chini yasiyo na oksijeni, na wengi wao huitumia kaboni dioksidi hiyo hiyo ya volkano kama malighafi, huku wengine wakitegemea mabaki ya mimea na viumbe wanaozama. Kwa maneno mengine, mlima unatoa gesi moja na uhai wa gizani unaigeuza kuwa nyingine.

7. Kwa nini gesi hiyo haipandi juu na kutoka polepole?

Kwa sababu maji ya Kivu hayachanganyiki kutoka juu hadi chini. Maji ya juu, yenye oksijeni na samaki, huchanganywa na upepo wa kiangazi katika tabaka lisilo nene. Chini yake maji huzidi kuwa na chumvi na gesi, hivyo huwa mazito, na ingawa yana joto kuliko ya juu, uzito huo huyazuia kupanda. Tofauti kubwa ya uzito iko kwenye kina cha mita 260 hivi. Chini ya hapo maji yanaweza kukaa mamia ya miaka bila kuuona uso wa ziwa.

Jambo la pili ni mgandamizo. Kwenye kina cha mita 300 maji yaliyo juu yanakandamiza kwa nguvu mara 30 ya hewa tunayoivuta, na katika mgandamizo huo gesi hubaki imeyeyuka. Wengi hulifananisha ziwa na chupa ya soda. Mfano huo unasaidia, lakini una kasoro ambayo imewatia watu hofu isiyo ya lazima: soda imejazwa gesi hadi mwisho wa uwezo wake, hivyo kifuniko kikifunguliwa inafoka. Maji ya Kivu hayajafika huko. Hata mahali yanapokaribia zaidi, gesi iliyomo ni nusu tu, au zaidi kidogo, ya kiasi kinachohitajika ili mapovu yaanze yenyewe.

8. Nimesikia kwamba gesi inaongezeka mwaka hadi mwaka. Ni kweli?

Vipimo vilivyotangazwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, vikilinganishwa na vya miaka ya 1970, vilionyesha methani imeongezeka, na habari hiyo ilisambaa sana. Vipimo vya baadaye, vilivyotumia vifaa bora zaidi, havikuthibitisha ongezeko hilo la kasi. Hii si sababu ya kuacha kupima. Ziwa la namna hii linastahili kupimwa bila kukoma, tena na nchi zote mbili, kwa sababu maji hayajui mpaka.

## Milipuko ya karibuni na ziwa

9. Ni nini kilichotokea mwaka 2002?

Tarehe 17 Januari 2002 ubavu wa kusini wa Nyiragongo ulipasuka, na nyufa zikafunguka kuelekea Goma yenyewe. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi mno na hukimbia kama uji. Mwaka 1977 ilishuka kwa kasi iliyokadiriwa kufikia kilomita 60 kwa saa karibu na mlima, ikaua watu wengi kabla hawajajua la kufanya. Mwaka 2002 ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya barabara ya kurukia ndege, ikateketeza soko na mitaa ya biashara, kisha ikaingia ziwani. Watu wapatao 120,000 walikosa makazi na mamia ya maelfu walivuka mpaka kwenda Gisenyi. Waliokufa walikuwa zaidi ya mia moja kwa makadirio mengi, na miongoni mwao wamo walioungua kituo cha mafuta kilipolipuka.

Mpaka leo mtu akitembea Goma anatembea juu ya lava hiyo. Mawe meusi yaliyojenga kuta za nyua ndiyo yale yale yaliyobomoa nyumba za zamani.

10. Mbona lava ile iliingia ziwani na ziwa halikulipuka?

Hili ndilo swali ambalo watu wa Goma waliuliza usiku ule wakiwa Gisenyi, na lina jibu. Lava iliyoingia majini ilikuwa kiasi cha mita za ujazo milioni moja. Ni nyingi kwa mji, lakini ni kidogo mno kwa ziwa lenye zaidi ya kilomita za ujazo 500 za maji. Ilipoyagusa maji iliganda, ikajenga rasi ndogo ufukweni, ikashuka kwenye mteremko bila kufika kwenye tabaka zito lenye methani. Wataalamu waliopima ziwa katika majuma yaliyofuata walikuta mpangilio wa maji ya chini haujavurugika.

Haikuwa mara ya kwanza, kwa kuwa mlipuko wa Nyamulagira ulioanza mwaka 1938 ulipeleka lava hadi ziwani upande wa Sake. Kwa kesi ngumu zaidi ya lava inayotokea chini ya sakafu, tazama swali la 19.

11. Na mwaka 2021?

Jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ililipuka bila dalili ambazo vituo vya upimaji vingeweza kuzitafsiri mapema kuwa onyo. Lava ilifika Buhene, kwenye viunga vya Goma, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Haikufika ziwani. Lakini siku zilizofuata ndizo zilizotisha zaidi, kwa maana ardhi ilitetemeka mfululizo, nyufa zikafunguka mitaani, na vipimo vikaonyesha kwamba magma ilikuwa imejipenyeza chini ya mji na kuendelea hadi chini ya sehemu ya kaskazini ya ziwa. Tarehe 27 Mei wakazi wa mitaa 10 waliamriwa kuondoka, na watu wapatao 400,000 walikwenda Sake, Minova, Rwanda, na wengine kwa boti hadi Bukavu. Magma iliganda ardhini bila kutokeza.

Waliowalaumu viongozi kwa amri ile ya ghafla wanapaswa kuelewa uzito wa uamuzi wenyewe: magma ilikuwa chini ya mji, na chini ya ziwa lenye gesi. Hakuna aliyekuwa na haki ya kubahatisha maisha ya watu wale.

## Kuishi kando ya ziwa

12. Je, ni salama kuogelea na kusafiri kwa boti?

Ndiyo, katika maji ya wazi na fukwe zinazotumika kila siku. Gesi ya kina kirefu haiwafikii waogeleaji. Epuka ghuba zilizofungika na mahali ambapo mapovu yanatoka chini karibu na ufuko, kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 13. Kwa boti, hatari ya kila siku ni dhoruba na kupakia abiria kupita kiasi. Hayo yameua wengi katika ziwa hili, na yastahili hofu kuliko gesi.

13. Mazuku ni nini?

Ni neno la Kiswahili cha huku, nalo wanasayansi wa dunia nzima wameliazima. Mazuku ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini kupitia nyufa za miamba ya volkano, hasa magharibi ya Goma kuelekea Sake na kandokando ya ziwa. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutulia kwenye mashimo, makorongo na vyumba vya chini ya ardhi. Haionekani wala hainuki. Usiku na alfajiri, upepo unapokuwa umetulia, hujaa zaidi, ndiyo sababu asubuhi hukutwa mbuzi, mbwa au ndege waliokufa bondeni bila jeraha.

Watoto wako hatarini kuliko watu wazima kwa sababu pua zao ziko karibu na ardhi. Usilale kwenye bonde usilolijua, usichimbe choo au msingi wa nyumba bila kuuliza wenyeji wa mtaa, na ukimwona mtu ameanguka shimoni usimfuate kwa kuinama. Wengi wamekufa wakiokoa. Mvute kwa kamba au nguzo ukiwa juu, na uite msaada.

14. Maji ya ziwa yanafaa kunywa?

Gesi siyo tatizo la maji ya juu. Tatizo ni kipindupindu, ambacho kimekuwa kikirudi Goma mara kwa mara, na ambacho hatari yake huongezeka kila mlipuko unapokata mabomba, kama ilivyotokea mwaka 2021 wakati familia nyingi zilipolazimika kuchota ziwani. Chemsha au tia klorini, kila mara. Anayekinga maji ya mvua chini ya moshi wa Nyiragongo ajue kwamba moshi huo huchanganya floridi katika mvua, na floridi ikizidi kwa miaka huharibu meno ya watoto na hata mifupa.

15. Kwa nini Kivu ina aina chache za samaki, na sambaza walitoka wapi?

Tanganyika ina mamia ya aina za samaki. Kivu ina chini ya 30. Historia ya moto ndiyo inayotajwa kuwa sababu kuu, kwa kuwa ziwa lilibadilika mara nyingi, na sehemu kubwa ya maji yake haina oksijeni. Sambaza, ambao Wanyarwanda huwaita isambaza, si wenyeji. Ni dagaa wa Tanganyika walioletwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa sababu maji ya wazi ya Kivu hayakuwa na samaki wa kula chembechembe zinazoelea. Walizaliana vizuri, na sasa ndio tegemeo la wavuvi wanaotoka jioni kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikining'inia juu ya maji ili kuwavuta samaki.

16. Gesi inageuzwaje kuwa umeme?

Bomba hushushwa hadi kwenye maji yenye methani, kwenye kina cha mita 350 hivi. Maji yakipanda ndani ya bomba mgandamizo unapungua, mapovu yanatokea, na mapovu hayo yenyewe huyavuta maji zaidi. Juu, gesi hutenganishwa na maji, husafishwa ili kupunguza kaboni dioksidi, kisha hupelekwa nchi kavu kuendesha mitambo. Kituo cha KivuWatt huko Karongi, chenye uwezo wa megawati 26, kilizinduliwa mwaka 2016 na ndicho cha kwanza cha ukubwa huo. Kabla yake, tangu miaka ya 1960, gesi kidogo ilikuwa ikitumika katika kiwanda cha bia cha Gisenyi.

## Maswali magumu zaidi

17. Je, yaliyotokea Ziwa Nyos yanaweza kutokea Kivu?

Tarehe 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos, nchini Kamerun, lilitoa wingu la kaboni dioksidi lililoua takriban watu 1,700 na maelfu ya mifugo kwa usiku mmoja. Miaka miwili kabla, Ziwa Monoun liliua watu 37. Kivu ni la jamii hiyo ya maziwa, lakini halifanani nayo kwa hali. Maji ya chini ya Nyos yalikuwa yamebeba gesi karibu na ukomo wake, hivyo kichocheo kidogo kilitosha. Kivu iko mbali na ukomo huo, kama ilivyoelezwa katika swali la 7, na kichocheo chake kingehitaji kuwa kikubwa mno.

Upande wa pili wa ukweli lazima usemwe pia. Nyos ni ziwa dogo, lisilofika kilomita za mraba 2, na wakazi wake walikuwa wachache. Kando ya Kivu wanaishi zaidi ya watu milioni 2. Jambo lisiloelekea kutokea, lakini lenye madhara makubwa kiasi hiki, halistahili kupuuzwa wala kutumiwa kuwatisha watu.

18. Kutoa methani kunapunguza hatari au kunaiongeza?

Kunategemea jinsi inavyofanywa. Kutoa gesi kunapunguza mzigo. Lakini maji yaliyokwisha kutolewa gesi yakirudishwa mahali pasipofaa yanaweza kudhoofisha tabaka linaloyashikilia maji ya chini, au kuleta juu virutubisho vitakavyochochea mwani na kuathiri uvuvi. Ndiyo maana kina cha kurudishia maji kinafuatiliwa na wataalamu kwa makini kama kina cha kuyavutia.

19. Lava ikitokea moja kwa moja chini ya ziwa?

Hii ndiyo hali inayowashughulisha wataalamu, na tukio la 2021 lilionyesha kwamba magma inaweza kufika chini ya sakafu. Mpasuko mdogo ungepoza lava haraka na kuchemsha maji machache. Ili gesi ifoke, maji mengi ya kina kirefu yangepaswa kuinuliwa juu sana, hadi mgandamizo upungue kiasi cha mapovu kuanza. Mlipuko mkubwa na wa muda mrefu kwenye kina hicho ndio unaoweza kufikiriwa kufanya hivyo.

20. Kwa nini Ghuba ya Kabuno hutajwa peke yake?

Iko kaskazini-magharibi, karibu na Sake, na imetengwa na ziwa kuu kwa kizingiti cha chini ya maji kisicho na kina. Humo kaboni dioksidi nyingi iko karibu zaidi na uso, chini ya tabaka jembamba la maji safi. Ghuba ni ndogo, kwa hiyo madhara yake yangekuwa ya eneo lake, lakini hapo ndipo kazi ya kuondoa gesi inapopaswa kutangulia.

21. Mkazi atajuaje hali ya volkano?

Goma ina kituo cha uchunguzi wa volkano, kilichoanzishwa mwaka 1986, na hali hutangazwa kwa rangi nne: kijani, njano, chungwa na nyekundu. Fuata rangi na redio, si uvumi wa sauti zinazosambazwa kwenye simu.

22. Je, ziwa linaweza siku moja kurudia njia yake ya kaskazini?

Hapana, kwa hali iliyopo. Ukuta wa lava kati ya ziwa na bonde la Rutshuru uko mamia ya mita juu ya maji, na kila mlipuko huuongeza. Mdomo wa kusini ndio ulio chini, na sasa unalindwa na lango la bwawa la Ruzizi I, karibu na Bukavu, linaloamua ni maji kiasi gani yashuke kwenda Tanganyika.